Siku mbili kwa wiki: kisa cha mpanga korosho wa Mtwara na fao la kukosa ajira

Alikuja Alhamisi jioni, kesho yake Ijumaa Kuu, mkononi ana kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na slipu za mshahara za miaka minne, zimekunjwa moja moja kama hela ya upatu, na juu yake karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mimi nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu kuanzia leo." Alitaka nimnyooshee lugha tu.

"Kaka, niandikie vizuri, Jumanne nipeleke kiwandani. Halafu niende NSSF nikachukue changu."

Nikaichukua ile karatasi, nikaiweka chini ya sahani ya vitumbua, nikamwambia hiyo haiendi popote leo. Alikasirika. Alidhani namtetea mwajiri.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mtwara mjini, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Si wakili, sisimami mahakamani, ila karatasi nazisoma. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake, jina nimeliacha na kiwanda sikitaji, kwa sababu watu wenye shida kama yake ni wengi na karibu wote hukosea palepale alipotaka kukosea yeye: wanaacha kazi ili walipwe fao, na kwa kuacha kazi wanalipoteza.

Dada huyu ana miaka 41, anaishi Chikongola. Alianza kiwandani upande wa kubangua, na kidole gumba cha kushoto bado kina baka jeusi la mafuta ya ganda. Baadaye akapandishwa kwenda kwenye meza ya kupanga madaraja. Huko korosho nzima nyeupe zinatengwa kwa ukubwa, na zile zinazoitwa W320 maana yake ni kwamba ratili moja inabeba korosho zisizozidi 320 au karibu na hapo. Yeye hapimi. Anashika kiganjani, anajua. Mkataba wake ulikuwa wa kudumu, wa maandishi: siku sita kwa wiki, saa 45, mshahara shilingi 360,000 kwa mwezi.

Jumatatu ya kwanza ya Ramadhani mwaka jana walikuta tangazo ubaoni karibu na mabomba ya kunawia. Nililiona baadaye kwenye picha ya simu. Mistari mitatu: kutokana na upungufu wa malighafi, idara ya madaraja itafanya kazi Jumatatu na Jumanne tu mpaka itakapotangazwa vinginevyo, na malipo yatakuwa kwa siku zilizofanyiwa kazi. Chini mhuri, bila saini. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa. Msimamizi alisema kwa mdomo kwamba anayeona haimfai, "milango iko wazi."

Mshahara wa Machi ukaja 120,000.

Mbona hakuja kwangu wiki ileile? Ramadhani, akasema. Mtu hafungui kesi huku amefunga, na Idd ilikuwa inakuja na watoto wanataka nguo. Namwelewa. Lakini sheria ya kazi inahesabu siku, na siku zilikuwa zimeshaenda 45. Nitarudi hapo.

Kilichompa matumaini ya fao kilitoka mbali. Mdogo wake yuko Marekani, akamtumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: huku mtu akipunguziwa saa anaomba fao la kukosa ajira, kila wiki anaeleza amepata kiasi gani, na anaongezewa. Mdogo mtu hakudanganya. Majimbo ya kule yanalipa fao la sehemu kwa mtu ambaye bado ana kazi lakini saa zake zimekatwa. Ujerumani nao wana utaratibu wao wa siku nyingi: mwajiri mwenyewe ndiye anayeomba, na mfanyakazi analipwa asilimia 60 ya mshahara halisi uliopotea, au 67 akiwa na mtoto. Mambo mazuri. Ila ujumbe wa WhatsApp hausafirishi sheria.

Kwetu fao la kukosa ajira lilikuja na mabadiliko ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya 2018, yale yaliyowapeleka watumishi wa umma PSSSF na kuwaacha wa sekta binafsi NSSF. Ndipo pia lile fao la kujitoa tulilolizoea, la kuacha kazi na kubeba michango yako yote, likafungwa. Kwa mwanachama wa NSSF masharti yanasemeka kwa pumzi moja: uwe Mtanzania, hujafika miaka 55, umechangia miezi isiyopungua 18, ajira yako imekoma na si wewe uliyeiacha kwa hiari, na huna kazi nyingine. Ukitimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hana malipo ya kila mwezi, analipwa nusu ya michango kwa mkupuo.

Neno lenye uzito hapo ni *imekoma*. Ajira iliyokatwa siku nne kati ya sita haijakoma. Imekonda. Hakuna fao la ajira iliyokonda. Dada huyu alikuwa ameshafika NSSF kabla ya kuja kwangu, akauliza dirishani, akajibiwa kwa upole na kwa usahihi: mwajiri wako bado anakuleta kwenye orodha ya michango, wewe ni mfanyakazi, leta barua ya kuachishwa. Yeye akasikia "leta barua ya kuacha." Herufi nne tu zimepotea njiani kati ya dirisha na stendi ya bodaboda, na ndiyo ile karatasi nyekundu ikazaliwa.

Tulikaa tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Asilimia 33.3 ya 360,000 ni 119,880. Akacheka kwa uchungu: kumbe fao lenyewe ni sawa na hizo siku mbili! Pungufu ya shilingi 120. Basi kwa nini ahangaike? Kwa sababu, nikamwambia, ile 120,000 inakula Jumatatu na Jumanne zako, ndizo zinazokuzuia kushika kibarua kingine cha wiki nzima, na kila mwezi unaopita inaandika upya wewe ni mfanyakazi wa aina gani. Michango yake ya NSSF ilikuwa 72,000 kwa mwezi, asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na yeye nusu kwa nusu. Sasa imeshuka hadi 24,000. Miezi ikiwa mingi, mtu atakayefungua kumbukumbu zake ataona mama wa mshahara wa 120,000, na theluthi ya hiyo ni 39,960. Kiinua mgongo nacho kitavutwa huko huko. Mwajiri anayekata siku polepole anakata pia kila hesabu itakayofanywa siku ya kuachana. Sidhani wote wanalipanga hivyo. Wengine wanalipanga.

Nisimwonee mwajiri huyu. Anayeijua korosho ya Kusini anajua kwamba sehemu kubwa inaondoka ghafi kwenda Vietnam na India, na mbanguaji wa hapa anashindana nao kwenye mnada uleule wa stakabadhi ghalani. Minada inaanza Oktoba. Kiwanda kisichokuwa na mtaji wa kununua korosho ya mwaka mzima, ikifika Machi ghala linalia mwangwi. Upungufu wa malighafi ulikuwa wa kweli. Ila sheria haimkatazi mwajiri kupungukiwa. Inachokataa ni kumaliza tatizo hilo kwa mistari mitatu ubaoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inataka saa za kazi na mshahara viandikwe, na vikibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi, ampe taarifa kwa maandishi. Hapa hapakuwa na ushauriano wala barua. Na kama kazi imepungua kweli, sheria hiyohiyo ina njia yake, kupunguza wafanyakazi kwa mahitaji ya kiuendeshaji: unatoa notisi ya nia, unaeleza sababu, mnajadili kama kuna namna ya kuepuka, nani aondoke na kwa vigezo gani, mnapanga malipo. Njia hiyo inagharimu. Ubao haugharimu kitu, na ukiwa na bahati wafanyakazi wanaacha wenyewe mmoja mmoja, bila notisi, bila kiinua mgongo. Wenzake watano walikuwa wameshaacha hivyo.

Tulikuwa na njia tatu, na mbili nilimshauri aziache.

Ya kwanza ni kutokwenda tena kazini kwa hasira. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ungemgeuza mwenye madai kuwa mtoro. Nilimsisitiza: Jumatatu na Jumanne uwe pale kabla ya king'ora, utie saini daftarini, na siku zile nyingine nne uwatumie ujumbe kwamba uko tayari kufanya kazi kama mkataba unavyosema. Aliziandika zile meseji kila wiki, zote maneno yaleyale, kama mtu anayesoma uradi.

Ya pili ni kuacha kazi na kudai kwamba mwajiri ndiye aliyemlazimisha. Sheria inalitambua jambo hilo: mfanyakazi akiacha kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike, inahesabika ameachishwa. Inavutia, na wanaojua nusu ya sheria huikimbilia. Lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro, na wakati shauri linaendelea karatasi uliyonayo mkononi inasema umeacha. Uende nayo NSSF, itasomwa ilivyoandikwa. Nimeona watu wakishinda kwa njia hiyo, ila walikuwa na akiba ya kula wakisubiri. Huyu alikuwa na kopo.

Tukashika ya tatu: kubaki kazini na kulalamikia mabadiliko ya mkataba mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina siku 60 tangu ilipotokea. Zimebaki 15, na ndani ya hizo 15 hesabu mwenyewe: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, sikukuu ya Muungano, Mei Mosi. Siku ya 60 ilikuwa inaangukia kesho yake baada ya Mei Mosi. Sijawahi kuichukia kalenda namna ile.

Jumanne baada ya Pasaka alipeleka kwanza barua kwa mwajiri, ya adabu, isiyo na kelele. Ilitaja kipengele cha mkataba chenye siku sita, ikataja tangazo, ikaomba mambo mawili: arejeshewe siku zake, au kama kazi haipo, utaratibu wa kupunguza wafanyakazi ufuatwe. Sentensi hiyo ya pili niliifikiria usiku kucha, maana ndiyo iliyobeba fao. Hatukuomba aachishwe. Tulimwambia mwajiri achague kati ya vitu viwili ambavyo vyote vina jina kisheria, badala ya kile cha tatu kisicho na jina.

Jibu halikuja. Wiki iliyofuata tukajaza fomu namba moja ya Tume. Kujaza ni bure, na hakuhitajiki wakili, ila kuna jambo linalowaangusha wengi: nakala inapelekwa kwanza kwa mwajiri, apokee, ndipo uisajili Tume ukiwa na uthibitisho kwamba ameipata. Mapokezi ya kiwanda wakasema bosi amesafiri, hawapokei chochote. Akakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Afisa utumishi alipotoka kwenda kuswali akamkuta, akasoma, akavuta pumzi, akarudi ndani kugonga mhuri. Siku ya 57.

Usuluhishi ulichukua vikao viwili. Cha kwanza kilikuwa cha hasira. Upande wa mwajiri walirudia kwamba hawajamfukuza mtu, na msuluhishi akauliza swali moja ambalo mpaka leo nalipenda: "Mmempa barua gani ya mabadiliko?" Kimya. Tangazo likatolewa, likageuzwa, halina saini. Kwenye kikao cha pili, mwishoni mwa Mei, walikuja na hesabu. Idara ya madaraja haitakuwa na kazi mpaka msimu mpya, wangepunguza watu tisa kwa utaratibu, na huyu awe miongoni mwao.

Hapa ndipo nilipoomba dakika kumi nje. Rasimu yao ilisema "pande zote zimekubaliana kuachana kwa hiari." Maneno mazuri, ya kirafiki, na ni sumu. Tulirudi tukaomba ukweli uandikwe kama ulivyo: ajira imekoma kwa kupunguzwa wafanyakazi kutokana na mahitaji ya kiuendeshaji. Hawakubisha. Nadhani hata hawakujua tofauti yake.

Kiinua mgongo kinaanzia mishahara ya msingi ya siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yeye alikuwa na miaka minne na miezi, basi siku 28. Walianza kwa kutumia mshahara wa 120,000. Tukaweka mkataba mezani. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku sita: 360,000 inatoa kama 13,847 kwa siku, na kwa siku 28 ni takriban 387,700. Kwa hesabu yao ingekuwa 129,000 na kidogo. Wakakubali yetu, pamoja na mshahara badala ya notisi ya siku 28, likizo ambayo hakuichukua na cheti cha utumishi. Kwenye siku zilizokatwa tulipunguza wenyewe. Machi, Aprili na Mei alikuwa amepoteza 720,000, akapokea 360,000. Wapo watakaosema tungeendelea hadi uamuzi. Labda. Aliyekuwa na ada ya shule ya kulipa si mimi.

NSSF safari hii ilikwenda haraka kuliko nilivyotegemea: barua ya kupunguzwa, kadi, kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki. Ila taarifa ya michango ilipochapwa, ikaonesha miezi 44 pale ambapo ilipaswa kufika 51 mpaka Machi. Saba haikuwepo. Tukafungua kopo, slipu zote saba zipo, na kila moja ina makato ya 36,000. Zilikuwa za katikati ya mwaka, miezi ghala likiwa tupu. Kwa fao lenyewe hazikumuumiza, maana 18 alishazipita zamani, lakini ni pensheni yake na hela yake imekatwa. Alizitoa nakala, akazikabidhi kwa maandishi ili mfuko umdai mwajiri. Mpaka ninapoandika, tatu zimeingia. Nne bado.

Julai akaanza kupokea 119,880. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi pale Magomeni na kunisimulia kwamba hajawahi kulipwa kwa kutofanya kazi, inamtia aibu kidogo. Nikamwambia amelipwa kwa kuchangia.

Oktoba, mnada wa kwanza ulipopita, kiwanda kilimpigia simu. Korosho zimeingia, meza ya madaraja inahitaji mikono inayojua, aanze Jumatatu. Malipo matatu ya fao yalikuwa yamebaki, na akishika ajira yanakoma. Akaniuliza afanyeje. Sikumjibu, nikamwambia asome kwanza walichompa. Usiku akapiga simu, sauti ya mtoto anayefanya kazi ya shule nyuma yake, akanisomea polepole kipengele cha nne: siku sita kwa wiki, saa zisizozidi 45, mshahara 360,000, na mabadiliko yoyote kwa maandishi baada ya kushauriana na mfanyakazi.

"Hicho cha mwisho," akasema, "nimekiongeza mimi. Wamesaini."